Zote Sawa Tu

Ukitaka kumuudhi Fundi Masikio, ilitosha kumwambia kwamba redio ni redio. Hapo hapo angeweka chini kazi aliyoishika, avue miwani, aifute kwa shati, halafu akuketishe upende usipende. Alitengeneza amplifaya na risiva, yale masanduku mazito yenye redio ndani na nguvu ya kusukuma spika, na kila kampuni iliyowahi kuunda sanduku la namna hiyo alikuwa na neno juu yake. Hii sauti yake pana. Ile kavu, inakatakata maneno. Ile nyingine besi yake inakujaa tumboni, lakini mwimbaji anasikika kama ana mafua. Alizungumza kwa uhakika wa mtu anayekueleza tabia za shemeji zake.

Jina la Masikio alipewa na wateja. Inasemekana siku moja kuna mtu alifungua redio barabarani, kwenye buti la gari, na fundi akiwa ndani, ameinamia kazi, akaitaja kampuni iliyoiunda bila kuinua kichwa. Akapatia. Watu wakapiga makofi. Kama risiva ile ilishawahi kuletwa pale kutengenezwa, kwa hiyo aliijua kwa mkwaruzo wake, hakuna aliyeuliza, na yeye mwenyewe hakuona sababu ya kulitaja. Jina likamkaa, naye akalivaa kama koti jipya.

Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba. Meza ndefu ilijaa skrubu ndani ya vifuniko vya chupa, nyaya za kila rangi, na kile chuma cha kuyeyushia risasi ya kuungia nyaya ambacho kilikuwa kimeunguza ukingo wote wa meza. Chumba cha pili kilikuwa cha mke wake na cherehani yake. Alishona sare za shule, kola kwa kola, msimu kwa msimu. Kati ya vyumba viwili hapakuwa na mlango, palikuwa na pazia tu, na kutwa nzima ungesikia upande huu spika zikikohoa na upande ule cherehani ikikimbia. Binti yao mmoja alikuwa ameolewa, anakaa mitaa ya jirani. Nyumbani walibaki wenyewe wawili, kila mtu na kazi yake.

Sasa mke huyu ndiye aliyekuwa mwiba. Katika watu wote walioingia pale, yeye peke yake hakuwahi kukubali kwamba kampuni zinatofautiana sauti. Fundi alijaribu kumsomesha tangu walipooana, na katika kumsomesha huko ndipo ulipozaliwa mchezo wao wa Jumapili.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Wakishamaliza chakula cha mchana, fundi alifunga mlango wa mbele na kupanga risiva mbili mezani, ile ya fedha aliyoipenda kama mtoto wake, na moja nyeusi ya kampuni nyingine. Zote aliziunganisha kwenye spika zile zile kwa kisanduku cha swichi alichokiunda mwenyewe. Mke aliketi kwenye kiti cha mbao, uso ukutani, mgongo kwa meza, ili asione taa ya ipi imewaka. Kanda ilikuwa ile ile siku zote, mwanamke anaimba na gitaa moja. Fundi akifungua ya kwanza, anamgusa mkewe begani. Akigeuza swichi kwenda ya pili, anamgusa tena. Kisha anasubiri, roho juu, kana kwamba safari hii mambo yatabadilika.

"Zote sawa tu," mke husema.

"Sawa vipi? Umesikiliza kweli?"

"Nimesikiliza. Huku mwanamke anaimba. Na huku mwanamke anaimba."

"Wewe mwanamke huna masikio."

"Masikio unayo wewe. Mimi nina akili."

Hapo wote wawili walicheka, na fundi alianza hotuba yake ya besi na sauti za juu, huku mke amegeuza kiti, anamtazama usoni, kidevu mkononi, mpaka chai ikapoa. Mara nyingine alimchokoza. "Na wewe nani amewahi kukupima? Swichi unageuza mwenyewe, taa unaziona mwenyewe, halafu unasema unasikia."

"Mimi sihitaji kupimwa."

"Ndiyo maana."

Miaka ilienda hivyo, na mchezo haukuchuja. Ukiniuliza mimi, nitakwambia fundi hakuwa mume mbaya. Hakuwa mlevi, hakuwa mtu wa kelele. Ila alikuwa mtu wa kuzama katika kazi hata umwite mara tatu ndipo aitike, na wiki nzima mkewe aliishi na kisogo chake. Jumapili ndiyo aliyogeuka.

Basi Jumapili moja alikuwa amefungua kile kisanduku cha swichi kukisafisha, na katika kukirudisha hakukaza waya mmoja. Alifungua risiva ya kwanza, mwanamke wa kwenye kanda akaimba, akamgusa mkewe bega. Akageuza swichi kwenda ya pili, taa ikawaka, mkono wake ukaenda wenyewe begani kwa mazoea kabla sikio halijamwambia kitu. Spika zilikuwa kimya. Waya ulikuwa umechomoka, unaning'inia nyuma ya meza.

"Zote sawa tu," alisema mkewe.

Fundi aliangua kicheko. Alidhani ameshikwa, kwamba mkewe kaona upenyo wa kumkejeli. "Leo umenipata," alisema. "Leo kweli umenipata, mama watoto."

Mke hakucheka. Alikaa vile vile, uso ukutani, anakunjua na kukunja upindo wa gauni lake, anangoja kuambiwa kwamba hana masikio.

"Mama watoto," alisema fundi. "Waya umechomoka."

Akaita tena, kwa sauti ya kawaida, halafu kwa sauti ya kuita mtu aliye uani. Mwishowe alichukua bisibisi akaiachia kwenye trei ya bati, na mlio wake ukamfanya yeye mwenyewe aruke. Mke hakutikisa hata bega. Fundi alisimama na mikono imemning'inia, akijua sasa, na akitamani kwa nguvu zote awe amekosea.

Alizunguka kiti akapiga magoti mbele yake. Mke alimtazama midomo kwanza, kisha macho, na alipoona macho akaelewa kwamba siri imetoka.

"Tangu lini?" aliuliza fundi.

"Sijui. Sauti ilienda kidogo kidogo, kama rangi ya kitambaa kinachofuliwa. Siku unashtuka, haipo."

"Na hizi Jumapili zote?"

"Za zamani nilisikia. Nilisikia vizuri, na zilikuwa sawa." Alitabasamu kidogo. "Hizi za karibuni nilijibu tu, maneno yako nayajua kwa moyo."

"Kwa nini hukuniambia? Mimi mumeo."

Alishusha macho akatazama mkono wa fundi, ule uliokuwa ukimgusa bega, wenye makovu madogo ya risasi ya moto. "Ningekwambia, ungeniita tena kwenye kiti hiki? Wiki nzima unazungumza na nyaya. Jumapili unanigusa bega mara mbili, halafu unakaa unanitukana mpaka jioni. Nikikosa hiyo nabaki na nini?"

Mtu huyu aliyekuwa na maneno juu ya kila sanduku duniani alibaki amepiga magoti sakafuni, mdomo wazi.

Baada ya hapo ndipo mambo yalipoanza kumrudia, moja moja, na kila moja lilimchoma. Maziwa yaliyokuwa yakifurika jikoni naye akilalamika kwamba mke kazubaa. Nyimbo alizokuwa akiziimba mkewe chinichini wakati wa kushona, ambazo ziliisha bila yeye kujua ziliisha lini. Wateja waliokuwa wakifika kwenye pazia na kupunga mkono badala ya kuita, naye akadhani ni adabu mpya. Zaidi ya yote, zile jioni umeme ulipokatika. Mke hakuwa akisema neno gizani. Aliharakisha kuwasha mshumaa akauleta karibu na uso wa mumewe, akausogeza mpaka joto lake likafika shavuni. "Nataka kukuona," alikuwa akisema. Fundi alikuwa akifurahi, akajiona bado anapendwa kama kijana. Kumbe mke alikuwa anatafuta midomo yake.

Akapiga hesabu ya maisha yake, akajaribu kuikumbuka Jumapili ambayo "zote sawa" ya mkewe iliacha kuwa hukumu ikawa kificho. Hakuipata. Sauti ilikuwa ile ile, kicheko kile kile. Yeye aliyejigamba kwamba anasikia hata skrubu ikilegea ndani ya redio hakusikia mkewe akiondoka taratibu katika chumba kile kile.

Kesho yake alikwenda kwa binti yao, akamkuta anaanika nguo. Alimweleza, na alipokuwa akieleza aliona binti hashangai, anabana tu vibanio kwenye kamba.

"Ulijua?"

"Nilijua, baba. Mama alinikataza nisiseme."

"Nani mwingine anajua?"

Binti alishusha shati alilolishika. "Mtaa mzima, baba. Hata muuza mkaa akija anamwonyesha bei kwa vidole. Mama alisema, baba yako anaitwa Masikio, watu wakimcheka kwamba mkewe ni kiziwi naye hana habari, atauweka wapi uso wake?"

Fundi aliondoka bila kuaga. Njiani watu walimsalimia, "Fundi Masikio, habari za leo?" na yeye aliitika akijihisi amevuliwa nguo.

Walikwenda hospitali. Daktari wa masikio alikuwa mtu mpole, alisema ni mishipa, imechakaa, haina dawa. Akatoa visaidizi vya kusikia vya kampuni mbili, wajaribu kimoja kimoja, kwa kuwa alisema kampuni moja inaweza kumfaa mtu na nyingine isimfae. Fundi aliposikia hivyo alichangamka kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Hivyo navyo ni amplifaya, alimwambia mkewe, ni amplifaya ndogo tu zinazoning'inia sikioni, na hapa sasa wamefika kwenye shamba lake. Akamvalisha cha kwanza kwa mikono yake, akarudi nyuma, akasema, "Mke wangu, unanisikia?"

Mke alikunja uso. "Kuna mtu yumo ndani ya pipa."

Akamvalisha cha pili.

"Huyu anakaanga kitu," alisema mke, na akacheka kwa sauti hata daktari akageuka. "Leo nimekubali, baba watoto. Kampuni zinatofautiana."

Fundi naye alicheka, ila kicheko kilimwishia njiani. Aliuliza, akitamka polepole, ni kipi kati ya viwili kilichokuwa na sauti yake, sauti yake yeye. Mke alivitoa vyote, akavifuta kwa kitambaa, akavirudisha mezani kimoja kimoja. "Hakuna," alisema.

Walipewa kimoja hata hivyo. Alikivaa siku chache kwa kumridhisha mumewe, kichwa kikamuuma, mwishowe akakitia kwenye kopo la vifungo.

Lilibaki jambo moja lililomkera fundi, na hakuweza kulala nalo. Siku ambayo mkewe alikuwa sokoni alimwita binti yao karakana. Alipanga zile risiva mbili, ya fedha na nyeusi, akakaza nyaya zote, na safari hii alifanya kitu ambacho katika miaka yote hakuwahi kukifanya. Alichukua mita akapima nguvu inayokwenda kwenye spika, akazilinganisha mbili zile mpaka sindano ikasimama mahali pamoja. Ikambidi aipunguze ile ya fedha. Ilikuwa juu kidogo, kidogo sana, na ndivyo ilivyokuwa Jumapili zote. Huenda ule upana aliousifu ulikuwa sauti ya juu tu.

Kisha akaketi kwenye kiti cha mkewe, uso ukutani. "Geuza utakavyo," alimwambia binti. "Niguse bega. Usiniambie mpaka niseme mimi."

Mwanamke wa kwenye kanda aliimba. Binti akamgusa. Akaimba tena. Akamgusa. Fundi alifumba macho, akategea kwa nguvu zake zote, akitafuta ule upana, ule ukavu, yale mafua. Akasema ya fedha. Haikuwa. Wakarudia, akasema nyeusi. Haikuwa. Mara akapatia, mara akakosa, na kila alipopatia alijua moyoni kwamba amebahatisha tu.

"Zima," alisema fundi.

Ukuta ule alikuwa hajawahi kuutazama. Rangi ilikuwa imebanduka sehemu moja, usawa wa macho ya mtu aliyeketi, na hapo mtu alikuwa amebandua zaidi kwa ukucha, taratibu, kwa miaka, mpaka pakafanana na jani. Alitia kidole chake pale. Akafikiri, mke wangu alikuwa sahihi tangu mwanzo. Wakati anasikia na wakati hasikii, alikuwa sahihi, nami nikamwambia hana masikio.

Baada ya hapo hakumwita tena mkewe Jumapili. Alidhani anamhurumia. Alijifunza kuzungumza akimtazama, alimletea maji kabla hajaomba, alimpisha mlangoni, alimsaidia kukunja sare. Hakumtania hata kwa bahati mbaya. Neno masikio lilifutika ndani ya nyumba ile, hata wateja aliwaomba wamwite fundi tu, inatosha. Na mke, badala ya kufurahia upole huu, alianza kunywea. Alishona ameinamisha kichwa. Alikula kidogo. Jioni alikwenda kulala mapema, na umeme ukikatika hakuwasha mshumaa. Binti alipouliza kuna nini, alijibu kwamba hakuna kitu, ni wageni tu wamejaa nyumbani. Binti alitazama huku na huku, akamwona baba yake peke yake.

Jumapili moja fundi alikuwa mezani, anajifanya anapanga skrubu. Pazia likafunguka. Mke alipita bila kumtazama, akachukua kitambaa, akafuta vumbi kwenye kile kiti cha mbao, akakivuta mpaka mahali pake. Akaketi. Mgongo kwa meza, uso ukutani. Akanyoosha gauni lake magotini akatulia.

Fundi aliziweka skrubu chini. Halafu akainuka. Angeweza kuacha risiva zimezimwa, mke asingejua, lakini aliona huo utakuwa ni wizi. Aliwasha zote, akatia kanda, mwanamke yule akaanza na gitaa lake. Akamgusa mkewe bega. Akahisi bega lile linapumua. Akageuza swichi, akamgusa tena.

"Zote sawa tu," alisema mke.

"Zote sawa," alisema fundi nyuma yake. Sauti yake ilikuwa chini, na ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kulitamka neno hilo. "Zote sawa, mke wangu. Mimi ndiye niliyekuwa sisikii."

Mke alingoja. Alipoona muda umezidi kiasi alichokizoea, aligeuka. "Mbona hujibu?"

"Nimejibu."

"Sikuona."

Fundi alirudia, akitamka vizuri, amemwinamia. "Nimesema zote sawa. Nimejipima. Ulisema kweli."

Mke aliitazama midomo yake mpaka mwisho, na uso wake, badala ya kung'aa kwa ushindi aliousubiri tangu ujana, ulianguka.

"Usinihurumie," alisema. "Umenihurumia kutosha. Sema ile yako."

"Siwezi."

"Sema."

"Mama watoto, nitasemaje neno kama lile sasa?"

"Lile ni langu," alisema mke. "Umechukua kila kitu, ukanipa maji ya kunywa. Lile nirudishie."

Fundi alianza, "Wewe mwanamke," na midomo ikamtetemeka, ikamshinda.

"Usiitetemeshe," alisema mke, akanyanyua mkono akamshika kidevu. "Ikitetemeka sioni."

Fundi alikaza uso wake kwa kadiri alivyoweza. "Wewe mwanamke," alisema, "huna masikio."

Na mke akacheka. Kilikuwa kicheko chake kile cha zamani, kikubwa kuliko alivyojua, kimejaa chumba chote. "Masikio unayo wewe," alimjibu. "Mimi nina akili." Akamwachia kidevu, akageuza kiti, akarudisha uso wake ukutani kungoja mara ya pili.

Fundi alibaki nyuma yake, pale ambapo mkewe hakuweza kumwona. Alilia kwa sauti, kwa kuwa hapakuwa na sababu ya kuibana. Kisha akajifuta kwa shati, akageuza swichi, akamgusa bega.